Ian Donald, munganga aliyepeleka mashini ya chuma ku materniti

Tarehe 21 Julai 1955, motokari mbili zilisimama mbele ya kiwanda cha Babcock & Wilcox kule Renfrew, karibu na mji wa Glasgow, inchi ya Scotland. Katika kiwanda kile watu walitengeneza mapipa makubwa ya chuma ya kuchemshia maji, yale yanayotoa mvuke wa kuzungusha mitambo ya umeme. Lakini zile motokari hazikuleta chuma. Mu sehemu ya nyuma, pale watu wanaweka mizigo, mulikuwa vivimbe vilivyotolewa kwa kisu katika matumbo ya wanamuke: vingine vigumu kama nyama, vingine mifuko ya maji tu. Aliyevileta alikuwa profesa wa elimu ya uzazi ku iniversite ya Glasgow, Ian Donald, mwenye miaka 44.

Juu ya nini munganga alete vitu vile mu kiwanda? Juu pale njo kulikuwa mashini aliyoitaka. Bwana wa mgonjwa wake mmoja alikuwa mkubwa katika kampani ile, na kwa njia hiyo akapata ruhusa ya kuingia. Wafanyakazi wakamwekea kando kipande kikubwa cha nyama ya ngombe, ili apate kitu cha kulinganisha. Halafu kazi ikaanza.

Yule msomaji aliyefanya kazi mu atelie ya kampani anaijua ile mashini, ao ndugu yake. Inatumwa kutafuta ufa ndani ya chuma bila kukata chuma. Ukipiga kelele ndani ya galeri, sauti inaenda, inagonga jiwe, inarudi. Ikikawia kurudi, unajua jiwe liko mbali. Mashini inafanya vile vile, paka sauti yake ni nyembamba sana, sikio la mtu haliwezi kuisikia. Inaingia mu chuma, inagonga upande wa pili, inarudi. Ku kioo kunatokea mstari wenye mlima mmoja mwanzoni na mlima mwingine mwishoni. Kama mlima wa tatu unasimama katikati, kuna ufa, na kile chuma hakitoki mu kiwanda.

Donald alitaka kujua neno moja: ile sauti inaweza kutenganisha kivimbe kigumu na mfuko wa maji? Ilitenganisha. Ku mfuko wa maji, milima ilionekana mbele na nyuma, na katikati palikuwa patupu. Ku kivimbe kigumu, milima midogo midogo ilijaa, ikipungua kadiri sauti ilivyoingia ndani. Hata ile nyama ya ngombe ilitoa alama yake. Donald akarudi Glasgow siku ile na furaha kubwa.

Leo mama mwenye mimba wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Lubumbashi akilala ku kitanda, wakampaka mafuta baridi ku tumbo na kumwonyesha mtoto ku kioo, anatumikiwa na mjukuu wa ile mashini ya chuma. Ndiyo maana tunaeleza hapa maisha ya mtu huyu. Tena tutaeleza kile kipimo kidogo cha milimita kilichozaliwa katika lupitalo lake, juu kipimo kile kinaleta faida kubwa, na watu wasipokielewa, kinaleta vita mu nyumba.

Ian Donald alizaliwa tarehe 27 Desemba 1910 kule Liskeard, mu jimbo la Cornwall, Uingereza. Baba yake alikuwa munganga, na babu yake vile vile, watu wa asili ya Scotland. Mama yake alikuwa mpigaji wa piano. Baba hakuwa na afya nzuri, na jamaa yote ikahamia Afrika ya Kusini kutafuta hewa yenye kumfaa. Kule mtoto akasoma, na mwaka wa 1930 akapata diploma ku iniversite ya Cape Town. Hakusoma uganga kule. Alisoma lugha na muziki.

Lakini mwaka wa 1927 difteria iliingia mu nyumba yao. Mama akafa. Haikupita miezi mingi baba naye akamfuata. Ian alikuwa na miaka 16, na wadogo zake walikuwa yatima pamoja naye. Mwanamuke aliyekuwa anatunza nyumba yao ndiye aliyebaki kuwalea. Hatuna haja ya kuongeza maneno hapa. Wasomaji wetu mingi wanajua namna nyumba inavyobadilika siku baba ao mama anapokosekana.

Mwaka wa 1931 alirudi Uingereza, akaingia ku lupitalo la St Thomas mu London kujifunza uganga. Mwaka wa 1937 akapata diploma, na mwaka ule ule akaoa Alix Richards, binti wa mkulima wa Orange Free State, kule Afrika ya Kusini. Walizaa mabinti wane.

Halafu vita kubwa ikaja. Mwaka wa 1942 Donald aliingia katika jeshi la anga kama munganga. Siku moja avio ya mabomu ilianguka na kuwaka moto, mabomu yakiwa bado ndani. Donald aliingia mu moto akawavuta askari waliobanwa mule. Kwa tendo hilo serikali ilimpa nishani. Watu waliomjua wanasema alikuwa mtu wa namna ile siku zote: mwenye haraka, mwenye kelele, asiyependa kungoja ruhusa ya mkubwa.

Mu jeshi alijifunza kitu kingine. Aliona namna radari inavyotafuta avio mu mawingu, na namna sauti inavyotafuta manuari zinazopita chini ya maji. Kazi hii ya sauti chini ya maji haikuwa mpya. Mfaransa Paul Langevin aliitengeneza wakati wa vita ya kwanza, miaka kidogo baada ya meli Titanic kugonga barafu na kuzama mwaka wa 1912. Donald hakuwa hata mtu wa kwanza kuileta kwa wagonjwa. Karl Dussik, munganga wa Austria, alijaribu kuangalia ubongo. John Wild, Mwingereza aliyekaa Marekani, alikuwa anapima matiti ya wanamuke. Lakini ku upande wa mimba, mlango ulikuwa bado kufungwa.

Baada ya vita Donald alifanya kazi mu London, na shida iliyomkamata zaidi ilikuwa watoto wachanga wanaozaliwa na kushindwa kupumua. Alitengeneza vyombo vya kuwasaidia kuvuta hewa. Alikuwa na mikono ya fundi, na wenzake walimcheka kwa mapenzi yake ya mashini. Mwaka wa 1954 akaitwa Glasgow kuwa profesa.

Glasgow ya wakati ule ilikuwa mji wa chuma, wa makaa ya mawe na wa meli zinazotengenezwa kando ya mto Clyde. Makambi ya wafanyakazi yalijaa watu, na nyumba nyingi zilikuwa mbaya. Kwa maoni yetu, hii njo ilimsaidia Donald zaidi ya akili zake. Kama angebaki mu London, pengine angezungukwa na waganga tu. Glasgow alizungukwa na mafundi.

Mmoja wa mafundi wale alikuwa kijana Tom Brown, mwenye miaka 23, mfanyakazi wa kampani Kelvin & Hughes, iliyotengeneza zile mashini za kutafuta ufa. Mwaka wa 1956 alikuwa ndani ya lupitalo kwa kazi ya taa ya chumba cha kupasulia, akasikia kwamba kuna profesa anayetumia mashini ya chuma juu ya watu. Hakungoja shefu wake amtume. Alitafuta namba mu kitabu cha telefone, akamwita Donald mwenyewe. Alipofika akakuta mashini ya zamani, imebadilishwa vibaya, haiwezi kutoa kitu. Akasema na wakubwa wake, wakatoa mashini mpya na franka kidogo za kuanzia.

Pamoja nao alikuwa munganga kijana John MacVicar. Watu watatu hawa, profesa, munganga na fundi, njo walifanya kazi. Magazeti yanapenda kutaja Donald peke yake. Lakini bila Tom Brown, Donald angebaki na milima yake ku kioo. Brown ndiye aliyetengeneza mashini yenye kuchora picha, kwa kutembeza kile chombo cha sauti juu ya tumbo na kuunganisha mistari yote mpaka umbo linaonekana. Hakutajirika hata kidogo, na baadaye kampani ilifunga kiwanda chake cha Glasgow. Majina ya mafundi yanasahauliwa mapesi. Hilo si jambo la Glasgow tu.

Mwanzo wao ulikuwa wa kuchekesha. Sauti ile haipiti mu hewa, inataka maji ao mafuta katikati ya chombo na ngozi. Basi waliweka chombo chenye maji juu ya tumbo la mgonjwa, na maji yalimwagika ku kitanda. Baadaye wakaona kwamba kupaka mafuta ya zeituni ku ngozi kunatosha. Waganga wengine wakubwa walipita, wakaangalia, wakatikisa kichwa. Kwa nini mtu ahangaike vile, wakati munganga ana vidole vyake viwili vya kupimia tumbo?

Kisha akaja mama mmoja. Tumbo lake lilikuwa limevimba sana, yeye mwenyewe amekonda, na picha za redio zilionyesha kansa ya tumbo la chakula. Waganga walikwisha kukata tamaa, walimngojea kufa. Wakamletea Donald ili ajaribu mashini yake, pengine kwa mzaha. Ku kioo ikaonekana mlima mbele, mlima nyuma kabisa, na katikati patupu. Kumbe lilikuwa ni mfuko mmoja wa maji, mkubwa kabisa, uliotoka ku ovari. Donald akampasua, akautoa, na yule mama akapona, akarudi kwake. Kuanzia siku ile vicheko vilipungua.

Tarehe 7 Juni 1958, gazeti la waganga The Lancet lilitoa habari ya Donald, MacVicar na Brown pamoja na picha. Mulikuwa vivimbe, na mulikuwa pia kichwa cha mtoto ndani ya tumbo la mama. Leo picha zile zinaonekana kama mawingu ya mvua. Lakini kwa mara ya kwanza waganga wa dunia yote waliona kwamba mtoto anaweza kuangaliwa bila mionzi ya redio. Jambo hili lilikuja wakati wake. Miaka ile ile, mama Alice Stewart, munganga wa Uingereza, alikuwa anaonyesha kwamba watoto waliopigwa redio wakiwa bado mu tumbo walipata kansa zaidi ya wengine. Donald naye aliogopa sauti yake isije ikaleta shida, na kabla ya kuendelea walijaribu juu ya ubongo wa watoto wa paka; hawakuona ubaya.

Bado kulikuwa kizuizi. Mimba changa imejificha chini, nyuma ya mifupa, na matumbo yenye hewa yanaifunika. Sauti inafika ku hewa na kurudi pale pale. Karibu na mwaka wa 1963 Donald akatambua kwamba mama akiwa na mikojo mingi, kibofu kilichojaa kinasukuma matumbo pembeni, na maji yake yanakuwa kama dirisha. Kwa dirisha hilo wakaanza kuona mfuko wa mimba tangu juma la 6 ao la 7. Bamama wanaouliza kwa nini wanaambiwa wanywe maji mingi na kujikaza bila kwenda choo mbele ya ekografi, jibu ni hili.

Mwaka wa 1964 materniti mpya ilifunguliwa Glasgow, Queen Mother's Hospital. Donald alipigania ujenzi wake na alitia mkono ku plani. Mule njo kazi ilibadilika: watu hawakutafuta tena kuona tu, walianza kupima.

Mwanzoni walipima kichwa. James Willocks alifanya kazi hiyo, na baada yake Stuart Campbell, aliyeandika mwaka wa 1968 namna ya kupima upana wa kichwa vizuri. Lakini kichwa kinaonekana vizuri paka mimba ikiwa imeendelea, na wakati ule watoto wamekwisha kuachana: kuna mkubwa, kuna mdogo, kila mmoja kwa namna yake.

Mwaka wa 1973 munganga kijana wa lupitalo lile, Hugh Robinson, alipata njia ingine. Alipima mtoto mdogo kabisa tangu juu ya kichwa mpaka ku matako, bila kuhesabu miguu, juu miguu inakunjwa na kunyooshwa. Mwaka wa 1975, pamoja na fundi John Fleming, akaonyesha hesabu yake wazi. Ku juma la 7 mtoto yule ana karibu milimita 10, urefu wa punje ya muhindi. Ku juma la 10 anafika karibu milimita 30. Ku juma la 12 anapita kidogo milimita 55. Katika miezi ile mitatu ya kwanza, watoto wote wanakomaa karibu kwa mwendo mmoja, wa tajiri na wa maskini, mweupe na mweusi. Kwa hiyo ukijua milimita unajua siku, na kosa lake ni siku 5 hivi mbele ao nyuma. Ukingoja mpaka mwezi wa 8, ekografi inaweza kukosea majuma 3.

Hapa tusimame kidogo, juu ya amani ya nyumba zetu.

Waganga wanahesabu mimba tangu siku ya kwanza ya mwezi wa mwisho wa mama, maana yake siku ile damu ilianza. Hawahesabu tangu siku bwana na bibi walipolala pamoja. Mimba yenyewe inashika karibu majuma 2 baada ya damu. Basi majuma 40 ya waganga, siku 280, yana ndani yake majuma 2 ambayo mtoto hakuwa bado! Sasa ona: bwana alikuwa ku kazi ya mbali, amerudi majuma 8 yaliyopita. Bibi anaenda ku ekografi, karatasi inaandika majuma 10. Bwana anahesabu ku vidole, anapata majuma 2 ya ziada, na pale vita inaanza. Shemeji wanaitwa, wakwe wanaitwa, na mama mwenye mimba anarudishwa kwa wazazi wake. Na kile karatasi hakikusema ubaya wowote. Majuma 10 ya munganga njo majuma 8 ya bwana. Tunaomba wababa wakumbuke hesabu hii kabla ya kufungua kinywa, na waganga waieleze wakati wanatoa karatasi.

Tarehe kamili ina kazi gani? Mtoto wa gramu 2200 aliyezaliwa ku juma la 35 na mtoto wa gramu 2200 aliyezaliwa ku juma la 40 si watoto wa namna moja. Wa kwanza amekuja mbele ya wakati wake, lakini uzito wake unafaa siku zake. Wa pili amekaa siku zote na hakukomaa. Mu tumbo kulikuwa shida, pengine kondo halikumlisha, pengine malaria ya mama ilimkatia chakula. Bila tarehe, munganga anawaona wote wawili kama mtoto mdogo, basi. Tena ikiwa mama amepitisha siku, bila tarehe hakuna anayejua kama ni juma la 42 la kweli ao ni hesabu mbaya, na watu wanaweza kumpasua bila sababu ao kumngojesha mpaka mtoto anachoka.

Kuna jambo la pili, na lilitoka katika lupitalo lile lile la Donald. Mwaka wa 1998 waganga wa Queen Mother's, wakiongozwa na Gordon Smith, walitoa utafiti wao katika gazeti la waganga la Marekani, The New England Journal of Medicine. Walichukua mimba 4229. Waliangalia wale watoto ambao, katika miezi mitatu ya kwanza, walikuwa wafupi kuliko tarehe ya mama ilivyotaka, wafupi kwa siku 2 mpaka 6. Siku 2 mpaka 6 tu! Milimita kidogo sana. Watoto wale walizaliwa na uzito chini ya gramu 2500 karibu mara 2 zaidi ya wenzao. Na kuzaliwa mapema kabisa, kati ya juma la 24 na la 32, kulikuwa mara 2 zaidi vile vile.

Kabla ya hapo waganga mingi waliamini kwamba mwanzoni kila mtoto anakomaa sawa, na shida ya uzito inaanza mwishoni. Glasgow ilionyesha kwamba kwa watoto wengine njia inaanza kupinda mapema sana, wakati mama mwenyewe ndiyo kwanza anaanza kutapika asubuhi.

Lakini tusichukue habari hii kama uaguzi. Mara 2 ya kitu kidogo ni kitu kidogo bado: watoto wengi wenye kipimo kifupi walizaliwa wakati wao na uzito wa kutosha. Tena mara nyingi mtoto anaonekana mfupi juu mimba ilishika kwa kuchelewa, yai la mama lilitoka siku kidogo baada ya kawaida. Kipimo kifupi kinamwambia munganga aangalie yule mama kwa jicho la karibu, ampime damu, apime tena mtoto mbele ya siku kupita. Mtu anayemwambia mama kwamba mtoto wake hatafika, juu ya milimita 3, hajui kazi yake.

Na hapa kuna fundo ambalo mingi hawalioni. Kipimo kimoja kinafanya kazi mbili, na kazi zile zinapigana. Mama asipojua siku ya mwezi wake wa mwisho, munganga anatumia milimita kutafuta tarehe. Vizuri. Lakini akiisha kufanya vile, hawezi tena kujua kama mtoto ni mfupi, juu tarehe yenyewe imetoka ku urefu wake! Ni kama kupima mbao kwa metre uliyoikata ku mbao ile ile. Wale 4229 wa Glasgow walikuwa na bamama wenye kujua tarehe zao vizuri. Bila hiyo, ule utafiti haungefanyika. Basi alama ndogo ku kalandria ya ukuta, pale damu inapoanza kila mwezi, haina bei, na inafanya milimita za mashini kusema mara mbili. Msichana anaweza kuifanya, na bwana anaweza kuijua pia, si haya.

Ku upande wa mashini, OMS tangu mwaka wa 2016 inataka kila mama apate ekografi moja mbele ya juma la 24. Mu inchi yetu mingi wanaenda wakati tumbo limekwisha kuwa kubwa, kuuliza kama ni mvulana ao msichana. Tunafahamu sababu: ekografi inalipwa, na mimba inafichwa mwanzoni ili watu wabaya wasiijue. Lakini kama franka zinatosha kwa ekografi moja tu, ile ya mwezi wa 3 inaeleza mengi kuliko ile ya mwezi wa 8.

Turudi kwa mzee Donald. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu zamani, mlango mmoja wa moyo haukufanya kazi vizuri. Walimpasua mara ya kwanza mwaka wa 1961, na mara mbili zingine baadaye. Miaka mingi ya kazi yake aliifanya akiwa hana nguvu za mtu mzima. Alikuwa mkristo wa kanisa la Anglikana, na mwaka wa 1967, wakati Uingereza ilipoweka sheria ya kuruhusu kutoa mimba, alipinga kwa nguvu zote. Alizunguka na picha zake za ekografi akionyesha watoto wanaochezacheza mu tumbo. Waganga wenzake wengine hawakumfuata katika jambo hilo, na ugomvi ule ulidumu mpaka mwisho. Ajabu ni kwamba sheria ile na mashini yake zote zilitegemea kitu kimoja, kujua mimba ina majuma mangapi.

Wanafunzi wake walimwogopa na kumpenda. Alikuwa mrefu, mwenye nywele nyekundu na hasira za haraka, na hasira zile ziliisha haraka vile vile. Aliacha kazi mwaka wa 1976. Akahamia Paglesham, kijiji cha Essex kando ya maji, na tarehe 19 Juni 1987 akafa kule, na miaka 76. Walimzika mu viwanja vya kanisa la kijiji. Ule utafiti wa mimba 4229 hakuuona. Ulitoka miaka 11 baada ya kifo chake. Queen Mother's Hospital yenyewe ilifungwa mwezi wa Januari 2010, na materniti ikahamishwa ng'ambo ya pili ya mto Clyde.